Breketi ya Kushoto

Haikuwa ajali ya kusimulia.
Nilirudi nyuma uwanja wa kanisa, Kiwira,
ukungu umeshuka hadi kwenye vioo,
na mlingoti ulikuwa mahali pake
tangu kabla sijazaliwa.
Sauti ndogo tu, kama kikombe cha plastiki kikikanyagwa.

Bampa la nyuma halikupasuka.
Lilining'inia upande mmoja
kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Gwakisa akalifunga kwa ukanda wa tyubu.
Akasema, "Hilo litatufikisha."
Likatufikisha miaka miwili:
Uyole na magunia ya viazi,
Tukuyu kwa mama yake na mchele wa Kyela,
na kila tuta likigonga, ko, ko, ko,
na mimi kila tuta nikisema neno,
na yeye kila neno akiongeza sauti ya redio.

Mwezi wa sita akapata kazi ya mbao, Mafinga.
Akaniachia funguo, jeki, na ile ko, ko.

Mwanjelwa, nyuma ya maduka ya spea,
fundi Ambakisye alitandika boksi, akalala chini,
zikabaki ndala mbili zinazungumza nami.
"Mwalimu, bampa zima. Kilichokufa ni breketi."
Akanitolea kipande cheusi
kama kiganja cha mtoto, vidole viwili havipo.
Hicho ndicho kilichobeba mgongo wote.
Hakipakwi rangi.
Hakuna anayekiosha Jumamosi.

Dukani, kijana Sanga akauliza,
"Ya kulia au ya kushoto?"
Nikafumba macho nikaliona gari
linaingia getini jioni, taa zinanitazama,
nikanyoosha mkono: "Ya huku."
Alitaka elfu kumi na tano. Nikatoa kumi na mbili,
nikarudi natembea kama mshindi.

Ambakisye akaipima, akacheka bila sauti.
"Hii ya upande wa pili."
Mimi! Ninayefundisha darasa la kwanza
mkono wa kula na mkono mwingine!
"Kushoto kwa gari," akasema,
"huhesabiwa ukiwa umekaa ndani, unatazama mbele.
Wewe umelihesabu linavyokuja kwako."

Sikumjibu.
Nilisimama na breketi ya watu mkononi,
baridi ya Julai inapanda kwenye soksi,
nikiwaza miaka mingapi nimekaa getini
nikihesabu makosa ya gari linalokuja.

Sanga alibadilisha. Elfu mbili ya usumbufu.

Bolti zilikuwa zimeshikana na kutu.
Akazimwagia mafuta ya taa, tukanywa chai,
akarudi, zikalia, zikakubali.
Akapiga msasa, akapaka grisi,
akaniambia nishike huku, niinue, si hivyo, hivyo:
"Usikaze ya kwanza mpaka zote zimeingia.
Ukikaza moja mapema, nyingine hazioni tundu."
Kisha akasukuma kwa goti. Tak.

"Mvua zikiisha, piga maji huku nyuma.
Tope letu likikauka ni jiwe, na jiwe linasukuma.
Kila mwezi lishike kwa mikono miwili, ulitikise.
Likijibu, njoo."

Nilipanda kurudi nyumbani. Tuta la kwanza, kimya.
La pili, kimya.
Kwenye la tatu nilipunguza mwendo kupita kiasi
nikisikiliza.
Ule ukanda wa tyubu sikuutupa,
uko chini ya kiti, umejikunja,
bado una mafundo yake.

Usiku akapiga simu. Mtandao ukikatika, ukirudi.
"Gari?"
"Lipo. Nimelishika kwa mikono miwili. Halijibu."
Akanyamaza.
Upande wake kulikuwa na redio.
Akaipunguza sauti.